Boila ya mchanga unaochemka: dalili, chanzo na la kufanya

Boila inayochoma pumba za mpunga, maganda ya kahawa au makapi ya miwa kwenye mchanga unaochemka ni nadra kuharibika ghafla. Tatizo hujionyesha kwenye manomita (vipimo vya presha) na vipimajoto vya kitanda, yaani vya mchanga huo, saa kadhaa kabla halijafika kwenye mvuke. Fundi anayengoja geji ya mvuke ishuke ndipo aanze kutafuta chanzo, mara nyingi hukuta mchanga umeshashikana, na hapo kilichobaki ni nyundo na mtaimbo.

Yanayofuata yanahusu boila za tani 4 hadi 20 za mvuke kwa saa, zile ambazo mchanga hutokota chini ya tanuru na kubaki humo. Mitambo mikubwa ya umeme, ambamo mchanga hupanda hadi kwenye saikloni (chombo kinachoutenganisha na gesi) na kurudishwa, ina mambo yake mengine. Katika boila zetu mchanga wa silika wenye chembe za milimita 0.5 hadi 1 umelala juu ya bamba lenye nozeli (matundu ya kupulizia hewa). Feni inapopuliza kutoka chini, mchanga huchemka kama uji mzito. Zaidi ya 95% ya uzito uliomo kitandani ni mchanga na majivu. Kuni zenyewe, ziwe pumba au maganda, ni kidogo sana. Joto la akiba la mchanga huo ndilo linaloiwezesha boila kuchoma taka mbichi na nyepesi ambazo tanuru la chanja za chuma haliziwezi. Kwa hiyo mchanga ukiharibika, hakuna kitu kingine kitakachokaa sawa.

Jua kwanza siku njema inasomaje

Huwezi kutambua ugonjwa kama hujui afya ikoje. Kabla ya kutafuta kasoro yoyote, daftari la shifti liwe na namba hizi za boila yako mwenyewe, zilizoandikwa siku ilipokuwa inafanya kazi vizuri.

Presha ya kitanda. Kila milimita 1 ya mchanga uliolala husababisha upotevu wa presha wa takriban milimita 1.4 za maji (kimo cha safu ya maji kwenye manomita) unapochemka. Kitanda cha milimita 300 kinapaswa kusoma karibu 420. Manomita nyingi hupima sanduku la hewa lililo chini ya bamba, kwa hiyo namba unayoiona ni ya kitanda pamoja na ya bamba. Kuzitenganisha ni rahisi: boila ikiwa baridi na haina mchanga, washa feni ya kusukuma na ya kuvuta, fungua dampa (kilango cha kurekebisha hewa) hatua kwa hatua (robo, nusu, robo tatu, yote), uandike presha ya sanduku kwa kila hatua. Hiyo ndiyo presha ya bamba tupu. Katika kazi ya kawaida isipungue theluthi moja ya presha ya kitanda. Ikiwa ndogo mno, hewa itapita upande mmoja na kuuacha mwingine umelala.

Joto la kitanda. Nyuzi 780 hadi 850 za Selsiasi kwa pumba za mpunga na vumbi la mbao. Vipimajoto vilivyo kimo kimoja visitofautiane zaidi ya nyuzi 20 au 30.

Oksijeni kwenye gesi ya kutoka: 4% hadi 6%. Mvuto (presha ya gesi ndani ya tanuru) juu ya kitanda: hasi kidogo, milimita 3 hadi 8 za maji.

Kuna jambo jingine ambalo skrini ya kompyuta haionyeshi vizuri. Sindano ya presha ya kitanda kizima hutetemeka muda wote, kwa sababu mapovu ya hewa yanapasuka mfululizo. Sindano ikitulia huku feni inafanya kazi, mchanga umelala.

Dalili: vipimajoto vinaachana, presha ya kitanda inashuka na kutulia

Huku ni kushikana kwa mchanga, na ndilo tatizo linalosimamisha boila nyingi zinazochoma mabaki ya shambani. Mpangilio wake haubadiliki sana. Kwanza kipimajoto kimoja kinapanda nyuzi 40 au 50 juu ya vingine, kisha kingine kinashuka. Presha ya kitanda inapungua ingawa hakuna aliyetoa mchanga, sindano inaacha kutetemeka, na baada ya muda joto lote la kitanda linaporomoka huku juu yake kukiwaka vikali.

Chanzo ni kemia. Mabaki ya mimea yana potasiamu, na potasiamu ikikutana na silika ya mchanga hutengeneza silikati zinazoyeyuka kuanzia takriban nyuzi 740 hadi 770. Kumbuka kwamba silika peke yake huhitaji zaidi ya nyuzi 1,700 kuyeyuka. Chembe za mchanga hupata ngozi ya kioo chenye kunata, zikigusana zinagandamana, bonge linakua, hewa inalikwepa, na pale hewa ilipokosekana joto linapanda zaidi. Mduara huo ukishaanza haujisimamishi wenyewe.

Kuni hazilingani. Pumba za mpunga zina majivu mengi, 15% hadi 22%, lakini karibu yote ni silika, na zikiwa safi hazina taabu ya kuyeyuka. Majani makavu ya mpunga ni habari nyingine kabisa: yana potasiamu na klorini, kwa hiyo anayeyachanganya na pumba kwa kudhani ni mmea uleule anajitafutia mabonge. Maganda ya kahawa yana majivu machache, lakini karibu nusu ya majivu hayo inaweza kuwa oksidi ya potasiamu. Magunzi ya mahindi na makumbi ya nazi nayo yanahitaji tahadhari. Makumbi ya pwani huongeza na klorini ya chumvi. Makapi ya miwa na vumbi la mbao safi ni kuni tulivu upande huu.

Ukipata bonge, usilitupe kabla hujalivunja. Likiwa gumu, linang'aa kama chupa iliyovunjika na chembe za mchanga zimenaswa ndani yake, tatizo ni potasiamu ya kuni au joto la kitanda kwa jumla. Likiwa la kijivu, linamomonyoka mkononi na katikati lina mkaa, tatizo ni mlisho: kuni zilirundikana sehemu moja, zikaungua kwa joto kali la mahali pale tu. La kwanza linahitaji ubadili mchanganyiko au mchanga. La pili linahitaji utengeneze skurubu ya kulishia au hewa ya kutawanyia kuni. Mafundi wengi hubadilisha mchanga wote kwa sababu ya bonge la aina ya pili, halafu linarudi wiki ileile.

La kufanya dalili zikiwa ndiyo kwanza zinaanza:

1. Punguza kuni nusu, bila kupunguza hewa ya chini. Ongeza hewa kidogo kama feni ina nafasi.
2. Fungua bomba la kutolea mchanga, toa asilimia 10 ya kitanda, ongeza mchanga mpya uliokavu wa kiasi kilekile. Rudia baada ya dakika 20 hadi vipimajoto vikaribiane.
3. Shusha joto la kitanda. Kwa kuni zenye potasiamu nyingi liweke 720 hadi 750 na ukubali mvuke pungufu hadi mchanganyiko ubadilike.

Ikiwa kitanda kimeshalala, simamisha mlisho mara moja. Usiongeze kuni kwa sababu joto limeshuka. Kuni zitaungua juu juu na kuzidisha klinka (mabonge ya mchanga yaliyoshikana). Acha feni zote mbili zifanye kazi hadi mkaa uliobaki uungue na kitanda kishuke chini ya nyuzi 600, ndipo uzime. Linda kiwango cha maji kwenye dramu (tangi la maji na mvuke la boila) muda wote huo. Na hili halina mjadala: maji yasimwagwe juu ya klinka ya moto ili kuharakisha kazi. Maji hugeuka mvuke papo hapo, hurusha mchanga wa nyuzi 600 mlangoni, na matofali ya moto hupasuka.

Kinga ndiyo yenye faida. Kuni mpya ianze na 10% hadi 15% ya uzito wa mchanganyiko, iangaliwe siku kadhaa, ndipo ipandishwe. Mchanga ubadilishwe kidogo kidogo kila shifti badala ya kungoja uchakae wote. Kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi) nayo inasaidia, kwa sababu alumini iliyomo huikamata potasiamu na kutengeneza madini yasiyoyeyuka kwenye joto la kitanda. Tanzania ina kaolini ya milima ya Pugu karibu na Dar es Salaam, kwa hiyo si kitu cha kuagiza kutoka mbali. Ila piga hesabu kwanza. Kikemia kilo 1 ya oksidi ya potasiamu inahitaji takriban kilo 2.7 za kaolini safi. Tani ya maganda ya kahawa yenye majivu 5%, na 40% ya majivu hayo ikiwa oksidi ya potasiamu, ina kilo 20 za oksidi hiyo. Kuikamata yote kunahitaji kilo 55 za kaolini kwa kila tani. Kwa viwanda vingi ni nafuu zaidi kuchanganya kahawa kidogo na vumbi la mbao jingi, na kaolini ikabaki ya kusaidia.

Kipimo cha kuikagua kuni kabla ya kuinunua kwa malori: choma sampuli iwe majivu kwa nyuzi 550, changanya gramu 10 za majivu hayo na gramu 90 za mchanga wako, uweke mchanganyiko kwenye tanuru la maabara kwa nyuzi 850 saa 4. Ukipoa, ubonyeze. Ukimomonyoka kwa vidole, endelea na majaribio ndani ya boila. Ukihitaji nyundo, kuni hiyo haifai kwa joto hilo.

Dalili: joto la kitanda linashuka taratibu, mvuke hautoshi

Kabla ya kugusa kitu, soma oksijeni, kwa sababu dalili hii moja ina vyanzo vinavyopingana.

Joto linashuka na oksijeni inapanda (8%, 10%): kuni hazifiki, au hewa imezidi. Angalia kama hopa (chombo cha kushikia kuni kabla ya mlisho) imekwama, kama pini ya usalama ya skurubu imekatika huku mota inazunguka bure, au kama kuna aliyefungua dampa. Hewa iliyozidi hupoza mchanga na kubeba joto hadi kwenye dohani.

Joto linashuka na oksijeni inashuka pia (chini ya 3%): kuni zinafika, nyingi hata, lakini haziungui kitandani. Ama zina maji, ama zinapeperuka na kuungua juu. Hapa mkono wa fundi hutaka kuongeza kuni, na hapo ndipo kosa linapofanyika.

Unyevu ndio mkosaji wa kawaida. Makapi ya miwa yanayotoka kinuni yana maji karibu nusu ya uzito, na kilo 1 yake hutoa megajuli 7 hadi 7.5 tu. Yakikaushwa hadi unyevu wa 30% yanatoa karibu 11. Kila kilo ya maji inakula takriban megajuli 2.4 kugeuka mvuke, kabla mvuke huo haujapashwa hadi joto la tanuru. Unyevu ukivuka 60%, kitanda hakiwezi kujitegemea. Kitahitaji burna ya mafuta au kuni kavu za kuchanganya. Wakati wa masika rundo lililo nje huwa limelowa juu na chini lakini katikati kavu, kwa hiyo koleo moja la sampuli kutoka juu linadanganya. Chukua sehemu tano, changanya, pima gramu 100, kausha kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena. Paa la mabati juu ya rundo hurudisha gharama yake upesi kuliko kifaa chochote utakachofunga kwenye boila.

Ikiwa kuni ni kavu na mlisho uko sawa, pima kimo cha mchanga. Boila zenye mirija iliyozama kitandani hupoteza joto zaidi kadiri mchanga unavyoongezeka, kwa sababu mirija mingi zaidi inafunikwa. Kutoa mchanga wa milimita 50 kunaweza kurudisha makumi kadhaa ya nyuzi.

Kitanda kikishuka chini ya 600 huku kuni zinaendelea kuingia, simamisha mlisho. Kuni baridi hutoa gesi isiyoungua, gesi hujaa tanuruni, na ikipata cheche ni mlipuko.

Dalili: juu ya kitanda kuna moto mkali kuliko kitandani, majivu meusi

Kwa boila za pumba za mpunga hili ni la kila siku. Pumba zina uzito wa kilo 100 hadi 150 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hewa ya kitanda huzibeba kabla hazijazama. Zinaungua juu, joto la nafasi ya juu linapita la kitanda kwa nyuzi 100 au zaidi, na zisizowahi kuungua zinaondoka na majivu.

Hasara yake inahesabika. Kilo 100 za pumba hutoa takriban kilo 20 za madini. Kama majivu kwenye mifuko ya kichujio yana kaboni 10%, umetupa kilo 2.2 za kaboni, ambazo ni megajuli 73 kati ya takriban 1,400. Zaidi ya 5% ya kuni zako imeingia kwenye gunia la majivu. Kipimo chake ni tanuru dogo la maabara: kausha majivu, pima, choma kwa nyuzi 750 saa 2, pima tena. Rangi peke yake haitoshi, maana kaboni kidogo tu hulifanya jivu la pumba lionekane jeusi.

Anza na mvuto. Ukiwa umezidi hasi, tuseme milimita 20, feni ya kuvuta inanyonya pumba kutoka mlangoni pa mlisho moja kwa moja hadi kwenye mirija. Urudishe kwenye 3 hadi 8. Kisha hewa ya pili, ile inayoingia juu ya kitanda: iwe 30% hadi 40% ya hewa yote, iingie kwa kasi kupitia nozeli zinazokabiliana ili ikoroge gesi. Hewa yote ikipita chini, inapeperusha pumba na kuinyima oksijeni nafasi ya juu panapohitajika. Mwisho angalia kimo cha mlisho. Kuni nyepesi zinafaa kuingizwa karibu na uso wa mchanga au ndani yake, zikisukumwa na hewa. Zikidondoshwa kutoka mita mbili juu, nyingi hazifiki.

Kama moshi ni mweusi na oksijeni iko 2%, si suala la kupeperuka. Ni kuni nyingi kwa hewa iliyopo, punguza.

Maganda ya korosho yana kasoro ya peke yake. Mafuta yaliyobaki ndani ya ganda hutoka kwa mshindo yanapoingia kwenye joto, hutoa moshi mzito wenye kuwasha macho na koo, na huacha lami kwenye skurubu. Yalishwe kidogo kidogo bila kusimama, hewa ya pili ikiwa imeshafunguliwa, na skurubu isiachwe imejaa boila inapozimwa.

Dalili: presha ya sanduku la hewa inapanda

Hapa ile karatasi ya presha ya bamba tupu inalipa. Kama bomba la pili la manomita, lililo ndani ya kitanda, linasoma vilevile lakini sanduku limepanda, nozeli zimeziba. Kama kitanda ndicho kilichopanda, majivu au mawe yameongezeka: toa mchanga. Mawe, misumari na waya wa marobota hushuka hadi kwenye bamba na havitoki kwa hewa. Mchanga unaotolewa uchekechwe kwa wavu wa milimita 2. Uliopita unarudi kitandani, uliobaki unatupwa.

Nozeli huzibwa na vitu viwili: klinka kutoka juu, na mchanga ulioingia kinyume wakati feni inazimwa. Mchanga ukianza kuonekana kwenye sanduku la hewa kila unapofungua, angalia mashimo ya nozeli yaliyopanuka kwa kuliwa au kofia zilizopasuka. Safisha kila tundu kwa biti ya kipenyo cha awali, si kikubwa zaidi. Nozeli kumi zilizopanuliwa upande mmoja zinatosha kuupa upande huo hewa ya wenzake.

Chembe za mchanga pia hukua zinapovaa ngozi ya majivu. Ukianza na wastani wa milimita 0.8 na sasa chekecheke zinaonyesha 1.2, kitanda kitahitaji hewa zaidi ili kichemke hata kama hakuna bonge hata moja. Pima kwa chekecheke kila mwezi.

Boila za nyanda za juu zina jambo ambalo michoro ya kiwanda kilichoitengeneza huwa hailitaji. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama sehemu za Kericho, hewa ni nyepesi kwa takriban 20% kuliko ya Mombasa. Feni ileile kwa mwendo uleule hutoa presha pungufu kwa kiwango hicho hicho, lakini mchanga haujapungua uzito. Feni iliyochaguliwa kutoa milimita 700 pwani itatoa karibu 560 huko juu, na kitanda cha 420 pamoja na bamba la 150 hakitachemka sawasawa. Oksijeni nayo ni pungufu kwa kila mita ya ujazo. Mtu akikwambia mchanga ni mbaya wakati boila haijawahi kufikia uwezo wake tangu ifungwe, angalia kwanza bamba la jina la feni.

Dalili: haiwaki, au inashtuka kwa kishindo wakati wa kuwasha

Kishindo ni gesi iliyokusanyika. Kabla ya kuwasha, na kabla ya kuwasha tena baada ya moto kuzimika, endesha feni zote mbili dampa zikiwa wazi kwa dakika zisizopungua 5. Usiruke hatua hii kwa sababu kiwanda kinasubiri mvuke.

Kwa boila zinazowashwa kwa mkaa: kitanda kiwe chini kuliko kawaida, milimita 200 hadi 250. Tandaza mkaa wa vipande vya milimita 10 hadi 25, unene wa milimita 50 hadi 100, washa kwa matambara yaliyolowa mafuta ya taa, kamwe si petroli. Mvuto mdogo hadi mkaa uwe mwekundu kote, kisha hewa ya chini kwa vipindi vifupi vya sekunde chache ili mkaa uchanganyike na mchanga. Kitanda kikifika nyuzi 500 hadi 550 na kikaendelea kupanda chenyewe, anza kulisha kidogo: lisha nusu dakika, simama, tazama. Joto na oksijeni vikijibu (joto juu, oksijeni chini), kuni zinaungua, endelea. Visipojibu, acha kulisha ujue kwa nini. Kinachozima mkaa mara nyingi ni hewa ya chini kufunguliwa mapema mno, mchanga baridi ukaumeza moto.

Dalili: moto unarudi kwenye hopa, au mlisho unakatika katika

Pumba na vumbi la mbao hutengeneza daraja ndani ya hopa: chini tupu, juu pamejaa. Kuta zenye mteremko wa chini ya nyuzi 60 za pembe ndizo zinazosababisha, na kupiga nyundo ukutani kunashindilia zaidi. Weka shafti yenye mikono ya kuchanganya, au badili hopa iwe pana chini kuliko juu. Moto unaorudi una maana tanuru limepata mvuto chanya au vali ya kuzunguka, ile inayopitisha kuni bila kuruhusu gesi kurudi, imechakaa kingo. Rekebisha mvuto, badili mipira ya kingo, na hakikisha kuna bomba la maji lenye vali inayofunguka yenyewe kwa joto juu ya skurubu.

Dalili: gesi ya dohani inazidi kuwa moto wiki hadi wiki

Mirija imevaa majivu. Ongezeko la nyuzi 20 hula takriban 1% ya ufanisi. Majivu mepesi ya pumba hutoka kwa kupuliza mvuke au hewa mara moja kila shifti. Utando mweupe au wa manjano unaonata ni chumvi ya potasiamu na klorini. Huu hautoki kwa kupuliza, na kwenye supahita (mirija inayozidisha joto la mvuke) huanza kula chuma. Utatuzi wake uko kwenye kuni.

Majivu ya pumba pia husugua. Mirija huliwa pale gesi inapopinda kwa kasi na pale inapozama mchangani. Pima unene wa mirija kwa kifaa cha mawimbi ya sauti kila boila inaposimama, sehemu zilezile, uandike. Ukiona maji ya kujaza yanaongezeka bila sababu na kona moja ya kitanda inapoa ikiwa na mchanga uliolowa, mrija umetoboka: zima.

Taka za kiwandani zisizotakiwa humu

Vifungashio vyenye karatasi ya alumini: alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, hunata kwenye mchanga na kuziba nozeli. Plastiki ya PVC na ngozi bandia: klorini yake hula mirija na huzaa dayoksini (sumu kali). Kuchoma taka za namna hiyo kunahitaji nyuzi 850 kwa sekunde 2 baada ya hewa ya mwisho, na usafishaji wa gesi ambao boila hizi hazina. Mabaki ya ngozi iliyolainishwa kwa kromu: kwenye moto wenye oksijeni nyingi kromu inaweza kugeuka kuwa ile yenye sumu, ikabaki kwenye majivu yanayogawiwa wakulima. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa ni vivyo hivyo.

Majivu yanayokubalika, ya pumba na mbao safi, yatolewe yakiwa yamepoa na kunyunyiziwa maji kidogo nje ya boila. Anayeyapakia avae barakoa ya vumbi laini, ya kiwango cha FFP2 au zaidi, kwa sababu silika iliyopita kwenye joto kali hugeuka fuwele, na vumbi la mchanga wa kitanda tayari ni fuwele. Kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii.